Risasi Isiyo na Risasi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kipande kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi pia ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo kwa karne nyingi ndiyo yaliyotengeneza vipande hivyo. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko ni jina la madini. Lugha ilishuhudia tu kilichokuwepo: ukitaja kimoja umekwisha taja cha pili. Sasa yapo majeshi ambayo kwa miaka kama thelathini yamekuwa yakijaribu kuvitenganisha vitu hivyo, yaani kutengeneza risasi isiyo na risasi. Ili tusipotezane njiani, metali yenyewe nitaiita "madini ya risasi", na neno "risasi" peke yake nitaliacha kwa kile kinachofyatuliwa.

Wengi wakisikia habari hii mara ya kwanza hucheka. Silaha imetengenezwa iue, sasa mtu anahangaikia nini kama kipande chake kina sumu? Swali ni la haki, na jibu lake liko mahali risasi zinapoangukia. Wakati wa amani, risasi nyingi ambazo jeshi hununua haziendi vitani. Huishia kwenye uwanja wa shabaha, ndani ya tuta lilelile la udongo, mwaka baada ya mwaka, katika ardhi ya nchi ya askari mwenyewe, juu ya maji ambayo majirani wa kambi wanakunywa. Na anayevuta moshi wake si adui. Ni kuruta aliyelala kifudifudi na shavu lake kwenye kitako cha bunduki, na mkufunzi anayesimama nyuma yake tangu asubuhi hadi jioni, siku tano kwa wiki.

Huyo mkufunzi ndiye ninayemfikiria kwanza kila ninaposoma habari hizi. Madini ya risasi humwingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni fataki, kile kidonge kidogo kwenye kitako cha ganda ambacho pini ya bunduki hukigonga ili kiwashe baruti. Kwa miongo mingi dawa ya fataki imetengenezwa kwa kemikali yenye madini ya risasi, pamoja na chumvi za bariamu na antimoni. Ya pili ni kichwa cha risasi chenyewe. Chukua risasi ya M855, iliyotumiwa na jeshi la Marekani kwa miaka mingi katika bunduki zake za milimita 5.56, ukaipasue kwa urefu. Ni kitu kidogo, karibu sawa na pingili ya mwisho ya kidole cha mwisho. Nje kuna ngozi nyembamba ya shaba. Mbele, chini ya ncha, kuna kipande kidogo cha chuma cha pua. Nyuma yake kumejaa madini ya risasi, kadiri ya gramu mbili. Ukigeuza kitako utaona kwamba ngozi ya shaba imekunjwa pembeni tu, haikufungwa, na madini ya kijivu yanachungulia. Hapo ndipo gesi ya moto inaposukuma, na kila mlio huramba kidogo na kukipeleka hewani.

Mwilini madini haya hujifanya kalsiamu. Mifupa huyapokea na kuyahifadhi kwa miaka mingi, kisha huyarudisha kwenye damu polepole, kwa mfano wakati wa ujauzito au uzeeni. Huharibu neva, figo na shinikizo la damu. Kwa watoto hugusa ubongo unaokua, na vumbi lililoganda kwenye sare ya baba au mama linatosha kulifikisha nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2012 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, lililoundwa kwa ombi la Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, lilichunguza wafanyakazi wa viwanja vya shabaha. Lilikuta kwamba kikomo cha kazini kilichotumika tangu mwaka 1978, yaani mikrogramu 40 kwa kila desilita ya damu, hakiwalindi vya kutosha, kwa sababu madhara huanza chini zaidi ya hapo.

Basi kwa nini yasiachwe tu?

Kwa sababu hakuna metali nyingine inayofanya kazi zake zote kwa pamoja. Madini ya risasi ni mazito: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 11.3. Shaba ni 8.9, chuma cha pua ni kama 7.8. Tupa jiwe, kisha tupa kizibo chenye ukubwa uleule, utaelewa mara moja kwa nini uzito ni muhimu. Kitu kizito hakikubali kusimamishwa na hewa. Tena ni laini, kwa hiyo hubanwa ndani ya mtutu bila kuukwaruza. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, kwa hiyo kuyamimina katika kalibu si kazi. Na ni rahisi kwa bei.

Mhandisi akiondoa metali hiyo na kuweka nyepesi, ana njia mbili. Akiacha ukubwa uleule, risasi inapungua uzito na inachoka mapema hewani. Akitaka uzito uleule, lazima airefushe. Lakini urefu wa risasi nzima pamoja na ganda lake hauwezi kubadilika, maana bunduki na magazini zilizopo zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Kichwa kikirefuka kinazama ndani ya ganda na kunyang'anya baruti nafasi. Risasi ndefu pia inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili isiyumbe, na mzunguko huo hutokana na michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu, ambayo mtu hawezi kuibadilisha kwa kuandika waraka. Kila ukivuta uzi mmoja, mwingine unakaza.

Njia ya tungsteni

Kuna metali moja iliyoonekana kumaliza matatizo yote kwa mkupuo: tungsteni. Ni nzito kuliko madini ya risasi, gramu 19 kwa sentimita ya ujazo, na kemia ya wakati huo iliihesabu kuwa imetulia, haiyeyuki katika maji, haina neno na mtu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Picatinny Arsenal, kituo cha jeshi la Marekani cha utafiti wa silaha huko New Jersey, walitafuta namna ya kusaga tungsteni iwe unga, kisha kuushikiza unga huo kwa nailoni au kwa bati hadi upate uzito wa metali waliyotaka kuiondoa. Walifaulu.

Mahali pa kuijaribu palikuwa tayari. Camp Edwards, kambi iliyoko Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, imekaa juu ya mchanga, na chini ya mchanga huo kuna maji yanayotegemewa na wakazi wa rasi hiyo. Mazoezi ya miongo mingi yalikuwa yameacha humo mabaki ya vilipuzi, na mwaka 1997 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lilitoa amri iliyosimamisha, pamoja na mambo mengine, ufyatuaji wa risasi zenye madini ya risasi. Mwaka 1999 zikaingia risasi za tungsteni na nailoni. Askari wakarudi kwenye mazoezi na watu wakaamini kwamba tatizo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Risasi ya aina hiyo ikigonga tuta husambaratika na kurudi kuwa unga. Kipande kizima cha metali hugusana na unyevu kwa ngozi yake ya nje tu, lakini unga wenye uzito uleule hugusana nao kwa mamilioni ya ngozi ndogondogo. Tungsteni ikapata oksijeni, ikageuka tungsteti, na tungsteti huyeyuka katika maji. Mchanga nao hauzuii kitu. Metali iliyosifiwa kwa kutotembea ikaonekana katika maji ya chini ya ardhi, na mwaka 2006 jimbo likasimamisha matumizi yake. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 2005, watafiti wa taasisi ya majeshi ya Marekani inayochunguza mionzi walitoa matokeo ya panya waliopandikizwa vipande vya aloi ya tungsteni, nikeli na kobalti katika misuli: panya hao walipata saratani kali ya misuli. Aloi hiyo si ile ya tungsteni na nailoni, na kuzichanganya ni kosa ambalo limefanywa mara nyingi. Hata hivyo neno "salama" halikuweza tena kuwekwa karibu na tungsteni kwa urahisi ule wa mwanzo.

Walioruka majivu walikuwa wamekanyaga moto. Na kilichofuata hapo Camp Edwards ndicho kinachonifikirisha zaidi: mwaka 2007 risasi za madini ya risasi ziliruhusiwa kurudi, kwa sharti kwamba zifyatuliwe mbele ya mitego maalumu inayozinasa kabla hazijagusa mchanga. Metali ileile iliyofukuzwa ilirudishwa. Kilichobadilika kilikuwa mahali inapoishia.

Naona hapo ndipo mjadala mzima unapotakiwa kuanzia. Maneno "haina madini ya risasi" yanatuambia kilichoondolewa, hayatuambii kilichowekwa, wala kinakwenda wapi baada ya mlio. Metali yoyote inayofyatuliwa ina njia tatu: mapafu, udongo, maji. Inayosifika katika njia moja inaweza kuwa mbaya katika nyingine, na udongo wa kichanga wenye asidi hautoi jibu sawa na udongo wa mfinyanzi.

Shaba inashika zamu

Jeshi la Marekani halikuiacha nia yake. Toleo jipya lililopangiwa kuingia kazini mwaka 2009 lilitumia bismuthi na bati mahali pa madini ya risasi. Bismuthi ni jirani wa madini ya risasi katika jedwali la elementi, karibu nzito kama yenyewe, na sumu yake ni ndogo sana. Kasoro yake iko kwenye joto. Bismuthi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 271, na ikichanganywa na bati kwa kadiri fulani huyeyuka kwenye nyuzi 139. Katika majaribio ya joto kali baadhi ya risasi zilipotoka njia. Mpango ukasogezwa mbele, bismuthi ikaondolewa, ikaingia shaba.

Juni 2010 risasi hiyo, M855A1, ilifika kwa askari waliokuwa Afghanistan. Ukiipasua kama ile ya kwanza utaona kitu tofauti kabisa. Ncha ya chuma cha pua haijafichwa, imetokeza mbele waziwazi. Nyuma yake kuna kipande kizima cha shaba. Ngozi imevalishwa kutoka nyuma, kwa hiyo kitako kimefungwa na hakuna metali inayochungulia kwenye moto. Ni ndefu kuliko M855 kwa milimita kama tatu, na milimita hizo zote zimezama ndani ya ganda. Jeshi lilisema itaondoa hadi tani 2,000 za madini ya risasi kwa mwaka, na ukizidisha zile gramu mbili kwa risasi bilioni moja unapata hesabu hiyohiyo.

Bei yake haikulipwa kwa dola pekee. Shinikizo la gesi ndani ya bunduki liliongezwa ili risasi iende kasi, na mtutu huchakaa mapema zaidi. Ncha ngumu ya chuma nayo ilikuwa ikikwaruza njia ya kuingilia chemba katika baadhi ya bunduki, hadi ikabidi magazini ibuniwe upya. Kikosi cha Wanamaji cha Marekani kilisita kwa miaka kabla ya kuipokea. Nayasema haya kwa sababu watu huzungumzia mazingira na uwezo wa silaha kama pande mbili za mizani, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Hapa ncha ya chuma ilipenya vitu vigumu vizuri zaidi kuliko risasi ya zamani, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyowafanya makamanda waikubali. Usafi wa udongo peke yake usingewashawishi.

Pengine msomaji atauliza kwa nini jeshi lisinunue tu risasi za shaba tupu ambazo wawindaji wanazo tayari. California ilizipa kisogo risasi zenye madini ya risasi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, na wawindaji wanaendelea na kazi yao. Lakini risasi ya mwindaji imetobolewa puani ili ichanue ikigonga mnyama, na Azimio la The Hague la mwaka 1899 linakataza vitani risasi zinazochanuka au kubonyea kirahisi ndani ya mwili wa binadamu. Marekani haikutia saini azimio hilo, ila kila risasi mpya ya jeshi lake hupitiwa na wanasheria kabla ya kukubaliwa. Mlango huo wa mkato umefungwa.

Homa ya Norway

Norway nayo iliwapa askari wake bunduki mpya aina ya HK416 mwishoni mwa miaka ya 2000, pamoja na risasi zisizo na madini ya risasi. Muda si mrefu askari wakaanza kulalamika. Walikuwa wakitoka kwenye mazoezi wazima, wakila chakula cha jioni, kisha usiku wanashikwa na homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya kichwa na viungo, kikohozi. Asubuhi ya pili au ya tatu yote yameisha.

Taasisi ya utafiti wa ulinzi ya nchi hiyo, FFI, ilifanya jambo ambalo ningependa lifanywe kila mahali kabla ya risasi mpya kusambazwa: iliwakusanya vijana kama hamsini waliojitolea, wenye afya, wasiovuta sigara, ikawagawa katika makundi ya risasi za aina tofauti, ikawapima kabla na baada. Waliofyatua risasi zisizo na madini ya risasi walipata dalili hizo kwa wingi kuliko wenzao. Uwezo wa mapafu ulishuka kidogo kwa makundi yote. Watafiti waliitambua homa hiyo, kwa sababu mafundi wa kuchomelea wanaijua siku nyingi. Fundi akichomelea chuma kilichopakwa zinki katika karakana isiyo na hewa, usiku hupata homa ileile. Ni moshi wa metali. Risasi ngumu yenye chuma ndani haibonyei kama ile laini. Husuguana na mtutu kwa nguvu, na shaba na zinki za ngozi yake hupanda hewani zikiwa chembe ndogo sana.

Ni kweli kwamba homa inayopita kwa siku mbili si sawa na metali inayokaa mifupani kwa miaka ishirini. Ningekuwa mkufunzi ningechagua homa. Lakini askari aliyeambiwa kwamba risasi hii ni safi, kisha akaugua kuliko alivyowahi kuugua na ile chafu, hataamini tena anachoambiwa, na atakuwa na haki. Uwanja wa ndani unaotumia risasi za shaba unahitaji feni na vichujio vilevile. Zile risasi za mazoezi zilizoshindiliwa kwa unga wa shaba, ambazo huvunjika zikigonga ukuta ili zisirudi usoni mwa mfyatuaji, zinahitaji hewa safi hata zaidi.

Kilichobaki: fataki na tuta

M855A1 ilipoingia kazini mwaka 2010, kichwa chake hakikuwa na madini ya risasi, lakini fataki yake bado ilikuwa nayo. Ni miligramu chache tu, na kwa udongo wa tuta si kitu. Kwa mapafu hesabu ni nyingine, kwa sababu dawa ya fataki yote hugeuka gesi na moshi sentimita chache kutoka puani. Fataki zisizo na madini ya risasi zipo katika risasi za kiraia na za polisi tangu miaka ya 1980. Jeshi linasita kwa sababu fataki yake lazima iwake kwenye baridi ya nyuzi 54 chini ya sifuri sawasawa na inavyowaka jangwani, tena baada ya kulala ghalani miaka mingi. Ikichelewa kuwaka kwa sehemu ndogo ya sekunde, bunduki ya rashasha inakwama. Maabara zinaendelea kujaribu kemikali mbadala, na hii ndiyo sehemu ya kazi inayopata sifa ndogo kuliko zote ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na pumzi ya mtu.

Hata kama kila jeshi lingeacha madini ya risasi leo, matuta ya zamani yangebaki. Fukua moja, chini ya shubiri moja ya udongo utatoa risasi iliyovaa ukoko mweupe kama chokaa. Huo ni madini ya risasi yaliyogeuka kabonati, na ukoko huo huyeyuka polepole pale udongo unapokuwa na asidi. Kwa hiyo dawa ya kawaida ni kumwaga chokaa ili asidi ipungue na madini yatulie. Wengine humwaga fosfeti, ambayo huyafunga madini hayo katika jiwe gumu lisiloyeyuka, ila fosfeti ikifika mtoni hulisha mwani hadi samaki wanakosa hewa.

Na chokaa ina lake. Risasi nyingi za zamani zilikazwa kwa antimoni kidogo ili zisiwe laini mno. Antimoni ni kinyume cha mwenzake: hushikamana na udongo wenye asidi, na huachia asidi inapoondolewa. Mkono uleule unaomwaga chokaa kufunga sumu moja unafungua nyingine. Shaba ya ngozi nayo iko humo, ndogo kwa mtu, kubwa kwa konokono na samaki wa kijito kilicho chini ya kilima. Ndiyo maana wasafishaji wanaoijua kazi yao huanza kwa kuchekecha udongo na kuvitoa vipande vyote vinavyoonekana kwa macho, vinarudi kiwandani kuyeyushwa. Kisha hupima asidi, antimoni na shaba, na kutazama maji yanatiririkia upande gani, kabla ya kufungua mfuko wa kwanza wa chokaa.